Wadih Aburizk, Aliyemsahihisha Kila Mtu Ain Summaq

Marehemu Wadih Salim Aburizk alizaliwa Jumamosi tarehe 13 Septemba 1941, mkesha wa Sikukuu ya Msalaba, katika nyumba iliyo chini ya kanisa hapa Ain Summaq, mji wetu wa milimani. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Salim Aburizk, mkulima wa mizeituni, na Bi. Zumurrud. Mkunga alichelewa kwa kuwa alikuwa kilimani na wenzake akitazama mioto ya sikukuu. Karani wa usajili naye, kwa uvivu wake, akaandika kuwa mtoto alizaliwa tarehe 14. Marehemu alihangaika na siku hiyo moja tangu alipojua kusoma. Alipanda basi kwenda wilayani mara kumi na moja, akapeleka mashahidi, mmoja wao kipofu, mpaka mwaka 1972 tarehe ikarekebishwa. Familia inaomba jambo hilo likumbukwe, kwa sababu ndilo linaloeleza mengine yote.

Alisoma shule ya masista hapa mjini kuanzia mwaka 1947 hadi 1957, akafaulu vizuri katika kila somo isipokuwa adabu. Siku moja alimsimamisha mwalimu katikati ya somo ili kumwambia kwamba mto aliokuwa akiuonyesha kwenye ramani haupiti pale. Mwalimu akamtoa nje, mtoto akasimama uani kwenye baridi mpaka adhuhuri. Mdogo wake Labibe, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minane, alichukua mkate wake wa zaatari, ule wa kupakwa majani makavu na mafuta ya zeituni, akampelekea kwa siri, yeye mwenyewe akabaki na njaa. Marehemu aliula wote, akajifuta midomo, akasema zaatari haikukolea mafuta. Labibe ndiye anayesoma wasifu huu leo, na mkate ule haujamtoka moyoni.

Tarehe 2 Januari 1961 aliajiriwa posta, akakaa kwenye dirisha lile lile miaka arobaini hadi alipostaafu Desemba 2000. Lakini kazi iliyomfanya ajulikane haikuwa na mwajiri wala kustaafu. Tangu mwaka 1968, kila Jumamosi asubuhi, alibandika habari za mji kwenye ubao uliotundikwa ukuta wa posta, mkabala na kanisa: nani kazaliwa, nani kachumbiwa, mtaa upi utapata maji Jumanne, mbuzi wa nani kapotea na ameonekana wapi. Wakati wa vita barua hazikufika, umeme haukuwapo, mkate wenyewe ulikuwa wa kubahatisha, na ubao haukukosa Jumamosi hata moja. Kanuni yake ilikuwa moja tu, kwamba habari isiyothibitishwa na watu wanne haibandikwi.

Kanuni hiyo ilimchosha kila mtu. Mwaka 1986 alibandika kwamba kibbe, nyama ya kutwangwa na ngano, ya sikukuu ya Nabii Eliya ilizidi chumvi. Bi. Hanne, aliyeipika, alimfuata posta akiwa na mchi wake mkononi, akamwita kwa jina la mwanawe.

“Baba Ghattas, na hiyo nayo ni habari?”

“Watu wanne wameniambia, Bi. Hanne. Wangekuwa watatu ningenyamaza.”

“Na nikikutwanga na mchi huu, utataka mashahidi wangapi?”

“Wanne,” akasema marehemu, akaendelea kugonga mihuri.

Ubao wenyewe ulitengenezwa na Khalil Tannous, seremala, mume wa Labibe. Aliuchonga kwa mbao za mjozi, akauwekea kijipaa cha kuzuia theluji, na kila Juni aliupaka mafuta bila kuombwa. Wanaume hawa wawili walipendana sana. Khalil alikuwa mpole, na huenda alikuwa mtu pekee Ain Summaq aliyeweza kusahihishwa na marehemu kisha akacheka.

Tarehe 6 Juni 1971 marehemu alifunga ndoa na Bi. Nazha Shalhoub. Wengi mliopo mnakumbuka kwamba ibada ilisimama, kwa sababu padri alikosea jina la babu wa bibi harusi na bwana harusi hakukubali kuendelea mpaka litajwe sawasawa. Bi. Nazha anasema pale pale altareni alijiuliza kama bado kuna njia ya kutokea. Hakutoka. Mungu aliwajalia watoto wawili, Siham, mwalimu katika shule yetu, na Ghattas, anayeishi Montreal.

Sasa inabidi kusema lile ambalo baadhi ya ndugu walishauri lisisemwe. Dada wa marehemu amekataa. Mtu aliyeutangazia mji chumvi ya wenzake hawezi kuzikwa kwa wasifu wenye tundu.

Bi. Zumurrud, mama yao, aliaga dunia Jumatatu tarehe 7 Aprili 2003. Marehemu aliandika mwenyewe karatasi ya msiba, kama alivyowaandikia wafiwa wote wa mji huu. Karatasi hizo zinajulikana: juu jina la aliyefariki, chini yake jamaa zake, na mwisho koo zote zilizooana na nyumba ile, nchini na ughaibuni. Kwetu mtu huanza kuisoma kutoka chini. Anatafuta jina la ukoo wake kabla hajamwombea marehemu. Ukoo ukiachwa nje ya karatasi, umeambiwa kwamba haukuwahi kuwa wetu. Asubuhi ile karatasi arobaini zilibandikwa kuanzia kanisani hadi kwenye kinu cha mafuta, na ukoo wa Tannous haukuwamo.

Yangekuwa makosa ya mtu mwingine, yangesamehewa kabla ya mazishi. Lakini alikuwa Wadih, na Wadih hakosei, mji mzima ulijua hivyo kwa kuwa yeye mwenyewe aliufundisha hivyo. Basi ikaonekana kakusudia. Kwenye ukumbi wa kanisa, mbele ya watu na vikombe vyao vya kahawa chungu, Khalil alimsogelea.

“Shemeji, umewahi kumwandika mbuzi wa Hanne kwa jina lake. Ukoo wangu hukuuona?”

Palikuwa na maneno mengi mazuri ya kujibu. Marehemu alichagua matatu mabaya.

“Karatasi imeshatoka, Khalil.”

Khalil aliweka kikombe chini, akatoka, na akina Tannous wote wakatoka nyuma yake. Labibe alibaki amesimama kati ya mlango na jeneza la mama yake. Kisha akamfuata mumewe, kama ilivyompasa. Tangu siku hiyo hakuna mguu wa Tannous uliokanyaga nyumba ya Wadih. Bi. Nazha amesema baadaye kwamba asubuhi ile mumewe alilia mpaka hakuiona karatasi aliyokuwa akiiandika, na alipogundua kosa mchana wake, aliona aibu hata ya kumwambia mkewe. Angelisema hilo pale ukumbini, kwa sauti ndogo tu, tungelia wote pamoja yakaisha.

Ikapita miaka kumi na tisa ya ujinga, na hapana neno jingine la kuiita. Kaka na dada, nyumba zao zikitazamana ng'ambo ya barabara, walisemezana kwa njia ya ubao. Majira ya baridi ya mwaka 2009 Labibe alianguka kwenye ngazi. Jumamosi iliyofuata ubao ulisema: “Bi. Labibe Tannous ameteguka kifundo cha mguu wa kulia. Ngazi zake zinahitaji chuma cha kushikilia.” Jumatatu fundi akafika na chuma, akakataa kusema nani kamtuma. Labibe akapaza sauti barazani mtaa mzima usikie.

“Mwambieni mwandishi wenu ni mguu wa kushoto!”

Jumamosi iliyofuata, juu kabisa ya ubao, kwa wino mwekundu: “Sahihisho. Ni mguu wa kushoto.” Labibe alisimama mbele ya maandishi yale na fimbo yake, hasira ikimpanda mpaka masikioni. Mtu huyu aliweza kuutangazia mji kosa la kifundo cha mguu, akashindwa kutangaza kosa la ukoo mzima.

Khalil Tannous alifariki Jumapili tarehe 9 Februari 2014, theluji ikiwa imefunga barabara. Karatasi yake iliandikwa na wengine. Marehemu alikuja kanisani, akasimama nyuma kabisa karibu na milango ambayo Khalil aliichonga, akatoa mkono wa pole, akaondoka. Jumamosi iliyofuata ubao ulikuwa mtupu. Vita havikuwahi kuufanya mtupu. Watu walidhani ni theluji, na Labibe naye akadhani ni kiburi.

Marehemu alianza kuugua moyo mwezi Mei mwaka huu, 2022. Alijitangaza mwenyewe: “Karani mstaafu wa posta amelazwa. Msije kwa wingi, chumba ni kidogo.” Labibe alijiapiza hatakwenda. Tarehe 17 Oktoba akavaa koti lake jeusi akaenda. Alimkuta kakonda, akimlalamikia muuguzi kwamba tarehe iliyoandikwa ukutani ni ya jana.

“Umezeeka, Labibe.”

“Nimekuja kusikia hilo? Wadih, sema basi. Nimechoka kusubiri.”

Wadih akafungua midomo, na dada yake akainama ili asipitwe.

“Droo ya chini,” akasema.

Labibe alidhani anataka miwani. Alirudi nyumbani akilia kwa hasira, njia nzima. Alhamisi tarehe 20 Oktoba, saa nne na dakika arobaini asubuhi, marehemu alifariki, mkewe na bintiye wakiwa wamemshika mikono.

Jana asubuhi Siham na shangazi yake walifungua droo ya chini ya meza aliyoandikia nyumbani kwake. Ndani mlikuwa na karatasi moja, karatasi ya msiba ya Wadih Salim Aburizk mwenyewe, kwa mwandiko wake, pengo likiwa limeachwa kwa tarehe ya kufa tu. Pembeni aliandika siku aliyoianza: 14 Aprili 2003, wiki moja baada ya mama kuaga dunia. Kila mwaka aliirudia. Wajukuu waliozaliwa waliongezwa kwa wino mpya, jamaa waliokufa walikatwa kwa rula. Na chini kabisa, pale ambapo kwetu mtu huanza kusoma, ukoo wa Tannous uliandikwa wa kwanza, kabla hata ya Aburizk. Alilisahihisha kosa lake ndani ya siku saba. Kisha akalifungia sahihisho hilo kwenye droo miaka kumi na tisa, mahali ambapo lingesomwa siku ambayo hakuna mtu angeweza kumjibu.

Jina moja lilikuwa na kasoro, na Siham ndiye aliyeliona.

“Shangazi, baba amemwacha mjomba Khalil kwenye walio hai. Wengine wote waliokufa amewakata. Tulifute? Watu watasema alichanganyikiwa.”

Labibe aliichukua karatasi akaipeleka dirishani. Wino wa jina hilo ulikuwa ule wa kwanza, wa mwaka 2003. Kando yake palikuwa na alama nyingi ndogo za rula, mwaka baada ya mwaka, mahali ambapo rula iliwekwa lakini mstari haukupigwa.

“Liache,” akasema.

Leo Jumamosi, siku ya ubao, wasifu huu unamalizika kwa karatasi ya marehemu kama alivyoiacha. Ameacha mjane, Nazha. Watoto wake, Siham na Ghattas, na wajukuu wanne. Dada yake Labibe. Na shemeji yake mpendwa, Khalil Tannous. Wafiwa ni ukoo wa Tannous, ukoo wa Aburizk, ukoo wa Shalhoub, na wote waliooana nao, nchini na ughaibuni.

Karatasi imeshatoka, kaka. Haina sahihisho. Pumzika.