Ngoma ya Scovia Irudi Gumbo

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Loro, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yangu, na mtanisamehe sauti ikipanda.

Scovia Jubek alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Kajo-Keji, kusini mwa Sudan, mtoto wa kwanza wa mzee Jubek, fundi wa kuchonga ngoma, na mama Teresina. Alianza shule ya msingi mwaka 1986, vita vikatukimbiza, akamaliza darasa la saba kambini Adjumani, Uganda, mwaka 1995, na huko ndiko baba alikochonga ngoma yetu kubwa ya mazishi, kwa sababu katika ukoo wetu mtu hafukiwi udongo kabla ngoma haijalia.

Tarehe 8 Desemba 2001 alifunga ndoa na Shem Ladu, ambaye leo ni mpakiaji wa mizigo uwanja wa ndege, wakajaliwa watoto wawili, Ketty na Constantine, na mwaka 2007 wakarudi na kujenga hapa Gumbo, Juba.

Aliuza samaki wakavu kando ya barabara ya Nimule, lakini kilichomfanya ajulikane ni kikundi chake cha ngoma. Julai 2016, risasi za mapigano ya hapa Juba ziliponyamaza, watu waliojazana katika uwanja wa kanisa letu hawakuwa wakisalimiana, kila kabila na kona yake, na Scovia, bila kutumwa na mtu, akaiweka ngoma ile ya baba katikati, akawaita kina mama mmoja mmoja kwa majina ya watoto wao, mpaka wakacheza mstari mmoja, na jioni ile wakapika pamoja. Wengi wenu mlikuwepo, na mlikula.

Ofisi moja iliyoko mtaa wa Amarat, ng'ambo ya mto, ilisikia habari hiyo, na Agosti 2022 ikaiazima ngoma kwa maonyesho ya wiki moja. Mpaka leo iko mapokezi kwao, wameiwekea chombo cha maua juu yake. Dada yangu alikwenda na kurudi, getini wakimwambia malesh, samahani mama, njoo wiki ijayo, na ofisi hiyo hiyo haikuona haya kumwita akacheze uwanja wa ndege kila wageni wao waliposhuka. Utamaduni wanaupenda sana, alimradi wenyewe wasiudai. Nina hasira, na sioni sababu ya kuificha mbele ya jeneza.

Alianza kuugua figo Juni 2024, akalazwa hapa Juba, akatutoka Jumapili tarehe 9 Februari 2025, akiwa na miaka arobaini na mitano. Kitandani aliniuliza kama ngoma imerudi, nikamjibu bado, akageukia ukutani.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, jirani yetu mama Janepher aliyefunga duka lake akaja kutupikia, na wenzake Shem waliobeba jeneza.

Nanyi wageni wa ofisi ile, mliokaa viti vya mbele na shada lenu, karibuni. Gari lenu liko nje, na kuvuka daraja hadi Amarat si mbali. Kaburi litabaki wazi mpaka gari hilo lituletee ngoma.

Scovia, dada yangu, mstari wa mwisho hapa unasema nikuage upumzike kwa amani, na nitausoma ngoma ikishafika.