Mzee Chupa Anamaliza kwa Tarehe Yake

Baada ya miaka thelathini na minane ya kutunza maabara ya shule yetu, Mzee Chupa anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini Novemba. Jina hilo alipewa na wanafunzi ambao sasa ni wazazi wetu. Hakuna anayethubutu kulitamka mbele yake, ingawa yeye mwenyewe ameliandika kwenye kikombe chake cha chai.

Alianza akiwa kijana wa kufagia. Mwalimu wa kemia wa wakati huo alimkuta akisoma vibandiko vya chupa saa ya mapumziko, akamwombea mafunzo. Hotuba yake kwa kidato cha kwanza haijabadilika tangu hapo: asidi haina rafiki, na anayetaka kukimbia uwanja uko nje.

Kati ya stoo na maabara kuna vidato vitatu vya saruji. Mwaka juzi aliteleza hapo na trei nzima ya vyombo vya kioo. Mkono ulipona baada ya wiki sita, lakini hofu ilibaki. Akawa anabeba chombo kimoja kimoja, macho kwenye viatu, na kipindi kinakwisha vyombo havijafika. Mwalimu mkuu, kwa nia njema, alimshauri astaafu mapema. Alijibu kwamba tarehe yake anaijua, na ataifikia akiwa kazini.

Sisi wa klabu ya sayansi tulidhani tunamsaidia. Kila alipofika kwenye vidato tulimdaka viwiko, mmoja kulia, mwingine kushoto. Siku moja mmoja alivuta mbele, mwingine nyuma, nusura tumwangushe wenyewe. Alikaa kwenye kidato, akavuta pumzi, akasema, "Wajukuu zangu, mkinishika hivyo sijui miguu yangu iko wapi. Simameni karibu, mniache nitembee."

Mtaalamu wa viungo hospitalini alimpa mazoezi. Kila asubuhi kabla ya kengele alisuuza vyombo akiwa amesimama kwa mguu mmoja, kidole kimoja tu kikigusa sinki. Alitembea juu ya mstari wa vigae na trei tupu, kisha na trei ya vikombe vya plastiki vilivyojaa maji. Kazi yetu ilikuwa kupangusa sakafu na kutocheka. Hiyo ya pili ilitushinda, maana yeye ndiye aliyekuwa anaanza. Ilimchukua miezi minane.

Asubuhi ya mtihani wa vitendo, mwezi uliopita, alitoka stoo na vyombo ishirini na vinne. Mwalimu mkuu, aliyekuwa karibu na vidato, alinyoosha mikono kumpokea.

"Naomba njia, mkuu," Mzee Chupa akasema taratibu.

Mkuu akasogea. Mzee akashuka kidato kwa kidato, macho mbele, na mtihani ukaanza kwa wakati.

Asante, babu yetu, kwa kutuonyesha jinsi mtu anavyofanya kazi na hofu yake bila kuificha. Tunakutakia afya njema, sakafu kavu, na watu wanaojua kukupisha.