Alichopenda Thermuthi

Benchi lenyewe ni gogo la mkuyu lililolazwa juu ya matofali ya udongo, nje ya kilabu cha Isidora muuza pombe ya shayiri, karibu na lango la kusini la mji wa Oksirinko, pale punda wanapopumzishwa kabla ya kushuka mferejini. Zamani watu sita walibanana hapo, wa saba akachuchumaa. Mwaka ule wa pili wa tauni gogo lilikuwa limezidi urefu. Wa kila siku walibaki watatu: Harpaesi, ambaye kazi yake ni kuzika maiti ndani ya magadi wakauke, na ndiyo maana kijiweni anaitwa Magadi; Didimo mwandishi wa barua za watu, anaitwa Kalamu, anayejua kila kitu pamoja na visivyokuwepo; na Tapsais, mliaji wa kukodiwa, miaka arobaini kazini, anaitwa Koo kwa sababu akilia lango la kusini, wa lango la kaskazini wanaulizana nani kafa. Asubuhi hiyo Koo alikuwa na bakuli lake mkononi na hajaligusa. Ilikuwa siku ya nne tangu Wakristo wamzike binti yake, Thermuthi.

— Isidora, hii ni pombe au maji uliyomwoshea punda? alianza Magadi.

— Ya punda ni nzito kuliko hiyo. Kunywa.

Walicheka kidogo, wakamtazama Koo kwa pembeni. Juma lililopita walikuwa bado wanamwita Mama Thermuthi wakitaka kumheshimu, na Koo wakitaka kumchokoza. Sasa lile jina la heshima lilikuwa linawaunguza ulimi, wakabaki na la uchokozi.

— Koo, alisema Kalamu, mwokaji mikate amefiwa na baba yake. Wanasema walikuita jana hukwenda.

— Nilikwenda.

— Basi wanasema hukulia.

— Nilikwenda, nikajimwagia vumbi, nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Wakanipa mkate wangu hivyo hivyo, nikauacha mlangoni.

— Umefungwa! alisema Magadi. Wale watu wamekufunga koo. Watu gani wanazika mtoto mbichi kama yule na macho makavu, wanaimba? Mimi najua kwa nini hawalii. Wanakunywa kitu. Nimewaona alfajiri wakipokezana kikombe kimoja. Ile ni dawa ya kukausha macho. Mimi nakausha maiti, kazi ya kukausha naijua.

— Acha ujinga, alisema Kalamu. Majina yao yameandikwa kwenye kitabu, huko juu kwa Mungu wao. Wanasema wenyewe. Sasa fikiri kama mtu aliyesoma. Kitabu kina wino. Chozi likidondokea wino linafanya nini?

— Linafuta.

— Linafuta! Ukimlilia maiti wako umemfuta jina. Ndiyo maana wanabana.

— Kitabu kiko juu, chozi linadondoka chini, alisema Isidora kutoka ndani. Litakifikiaje?

— Wewe pima pombe, mambo ya vitabu tuachie wenyewe.

Magadi hakupenda kushindwa. Alikunywa, akafuta mdomo kwa mkono mweupe kwa chumvi.

— Mimi nasema hata hao maiti hawapo. Lini Mkristo ameniletea mtu wake nimtoe matumbo? Hawaleti. Wanamfunga shuka wenyewe, mbio, wanaondoka naye. Kwa nini mbio? Kwa sababu ndani ya shuka mna mbuzi. Mtu mwenyewe kesho yuko Shamu, mzima, anashona mahema. Nani atamlilia mbuzi?

Kalamu alikohoa. Magadi naye akasikia alichosema, lakini kilikuwa kimeshatoka.

— Mbuzi wangu, alisema Koo polepole, alikuwa na kovu la mkasi hapa, chini ya kidole gumba. Nilikishika kidole hicho mpaka kikapoa.

— Sikuwa na maana mbaya, dada yangu.

— Kaka yako alipougua, nani alimpelekea maji?

Magadi akatazama ndani ya bakuli.

— Nauliza. Mwenzako wa tumbo moja amelala kwenye mkojo wake. Wewe ulikuwa wapi?

— Shamba. Kwa wakwe.

— Siku ngapi?

— Kumi na moja.

— Kumi na moja. Thermuthi ndiye aliyemgeuza. Alimnywesha maji kidogo kidogo kwa kitambaa, na hata jirani yake hakuwa. Leo kaka yako mzima, anaimba nao. Wangu yuko chini.

— Nilimwambia ahsante, alisema Magadi.

— Ulisimama ng'ambo ya barabara ukapiga kelele.

— Ndiyo. Lakini nilipiga kelele ahsante.

Isidora alitoka na mtungi, akawaongeza bila kuombwa, na bakuli la Koo akaliacha kwa kuwa lilikuwa bado limejaa. Kwa kusema kweli, kaka huyo wa Magadi hakuwa peke yake. Mtaa mzima wa wafumaji walikuwa wameanza kwenda kwa Wakristo, mmoja mmoja, na hakuna aliyekuwa amewahubiria. Waliamka kwenye homa wakakuta nani amekaa pembeni na nani hayupo, basi.

— Mimi sijafungwa na mtu, alisema Koo. Niliapa.

— Uliapa nini?

— Kwamba sitamlilia.

Kalamu akasogea karibu. Macho yake yalikuwa yamechangamka kama ya mtu aliyeletewa kazi.

— Kwa maneno gani? Niambie neno kwa neno. Nimeandika viapo vya nusu ya mji huu, sijaona kisicho na tundu.

Koo hakupenda kusimulia, maana kusimulia misiba ilikuwa kazi yake na hii hakutaka iwe kazi. Akasema kwa kifupi. Usiku wa mwisho joto lilimpanda mtoto, akamshika mama yake mkono, akasema: mama, usinililie kama unavyowalilia wale. Mama akasema haya. Mtoto akasema, apa. Akaapa kwa maji ya mto, kwa sababu kwa Mungu wa binti hakujua kuapa, na kwa miungu yake binti asingekubali.

— "Kama unavyowalilia wale"! Kalamu alijipiga paja. Tundu hilo hapo! Hakusema usilie. Amekataa kilio cha kazi, cha vumbi na kujipiga kifua. Mlilie kwa namna nyingine, dada, kiapo chako kizima, hakina hata ufa.

Koo akaweka bakuli lake kwenye gogo.

— Namna nyingine siijui, alisema.

Na alikuwa anasema kweli. Watu hudhani kulia kwa kukodiwa ni kupiga makelele tu. Mwenye kazi yake hufika, hukaa na wafiwa kabla hajagusa vumbi, huuliza mambo matatu: jina lake nani, mikono yake ilifanya kazi gani, na alipenda kula nini. Hilo la tatu ndilo linalovunja watu. Utataja cheo cha marehemu, watoto wake wanatazama ukuta. Taja kwamba alipenda njiwa wa kuchoma, nyumba nzima inaanguka chini. Koo alikuwa nayo yote kichwani. Mtoza ushuru, njiwa wa bizari. Mke wa mfinyanzi, vitumbua vya asali. Yule askari mzee, vitunguu vibichi, anavitafuna kama tufaha. Muulize Koo juu ya mtu yeyote aliyekufa Oksirinko kwa miaka arobaini, atakwambia alikuwa na hamu ya nini.

Ndipo akaja mwanamke wa makamo, kikapu mkononi, vidole vimechanika-chanika kwa uzi kama vya wafumaji wote. Alisimama mbele ya gogo, hakukaa, ingawa nafasi ilikuwepo tele.

— Shikamoo, mama. Wewe ndiye Mama Thermuthi?

Siku nne hakuna aliyekuwa amemwita hivyo. Magadi akashusha macho.

— Ndimi, alisema Koo.

— Naitwa Apia. Tulikuwa tunafuma pamoja. Ni sisi tuliomwosha. Keshokutwa tunakwenda kula kaburini kwake, ndiyo desturi yetu, kila mtu na chungu chake. Tunataka tupike kile alichokuwa anakipenda. Kwetu ukimuuliza anasema chochote, kilichopo. Nikawaambia wenzangu, mama yake atajua. Alikuwa anapenda kula nini?

Swali lenyewe ndilo hilo tu. Koo alifungua mdomo haraka, kama mtu anayejua, akaufunga.

— Dengu, alisema Magadi. Nani hapendi dengu?

— Samaki, alisema Kalamu. Siyo wetu wa pua ndefu, yule haliwi, ni mtakatifu. Hawa wengine.

— Alipokuwa mdogo alikuwa anapita hapa, alisema Isidora. Nikimpa mkate mkavu anakula. Nikimpa makapi ya shayiri anakula.

— Alichokula nakijua, mama, alisema Apia kwa upole. Nauliza alichopenda.

Nyumbani kwa Koo hapakuwa pakipikwa. Ujira wa mliaji ni chakula, na chakula cha msiba ni kile alichopenda marehemu. Njiwa wa mtoza ushuru alifika nyumbani amefungwa kwenye kitambaa. Vitumbua vya mke wa mfinyanzi vilifika vimepondeka. Mtoto alikuwa akimsubiri kizingitini, mikono nyuma, na hakuuliza kama wanavyouliza watoto wengine, leo tunakula nini. Aliuliza: mama, leo kafa nani?

— Sema vitumbua vya asali, alinong'ona Kalamu. Nani atajua?

— Hivyo vilikuwa vya mke wa mfinyanzi, alisema Koo.

— Labda umesahau, mama, alisema Apia. Msiba unachanganya kichwa. Nitarudi kesho.

— Sikusahau. Wote niliwaulizia. Yeye sikuwahi.

Isidora aliinamisha mtungi juu ya bakuli la Magadi, likatoka tone moja na machicha. Akasimama hapo hapo na mtungi wake mtupu.

Koo akasogea kwenye gogo.

— Kaa, alisema.

Apia akakaa, kikapu mapajani. Koo akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa, akaweka mikono juu ya magoti. Ndivyo alivyokaa kwenye misiba yote.

— Jina lake nani?

— Mama, si unalijua?

— Jina lake nani?

— Thermuthi.

— Mikono yake ilifanya kazi gani?

— Alikuwa… alisema Apia. Akaanza tena. Alikuwa na mikono…

Hakumaliza. Machozi yalishuka mashavuni, yakafuata mikunjo ya mdomo, yakadondokea kikapu. Hakupiga kelele, hakujipiga kifua. Alikaa tu wima, analia kama mtu anayevuja. Magadi na Kalamu wakatazamana, halafu kila mmoja akatazama upande wake.

Koo hakumwambia nyamaza. Alimsogelea, akamkazia macho usoni, kwa makini, kama fundi anavyotazama mikono ya fundi mwingine aone kazi ile inafanywaje.