Mama Birika Anakabidhi Funguo

Miaka thelathini na minne si mchezo! Ifikapo tarehe 31 Julai, fundi mkuu wa maabara yetu ya nishati, ambaye wanafunzi wote humwita Mama Birika, anastaafu.

Alianza kazi enzi maabara ina paneli moja ya sola na betri mbili za lori. Leo ina gridi ndogo inayoamua yenyewe chumba gani kipate umeme na kipi kisubiri, na nusu ya nyaya zake amezifunga kwa mikono yake. Wanafunzi wa uzamili hamsini na saba wamepita hapo. Wote waliingia wakijiona wataalamu, na wote aliwapa ufagio kwanza.

Jina la Mama Birika lina kisa, na mwenye kisa ni mimi ninayeandika. Miaka kumi na tisa iliyopita nilikuwa na tasnifu ya kutamba: mfumo wangu ulipunguza matumizi ya umeme ya jengo kwa karibu nusu. Zikiwa zimebaki siku sita niitetee, mama huyu akawasha birika lake la chai, akatazama kompyuta yangu, akacheka hadi akakaa chini. Kwenye mchoro wangu, birika likiwaka, matumizi yanashuka! Akasema kama ni hivyo, basi achemshe chai ya mtaa mzima tupate umeme wa kuuza.

Lo! Kipimo cha upande wetu wa jengo nilikuwa nimekifunga kinyumenyume, kikawa kinatoa badala ya kujumlisha.

Nilimsihi anyamaze. Akakataa katakata: njia ya mwongo ni fupi, niende kwa msimamizi wangu kwa miguu yangu mwenyewe. Nilikwenda, nikakiri kosa, nikapewa wiki nane nipime upya. Kila Jumamosi, siku yake ya mapumziko, alikuja kusoma mita na kuandika daftarini. Matokeo yakawa asilimia kumi na moja tu, lakini ya kweli. Nikafaulu.

Tangu hapo hakuna mchoro unaoaminiwa hapa kabla birika halijawashwa. Limeshaumbua wengi, akiwemo profesa mmoja, tumsitiri.

Sasa niseme la moyoni. Kwenye shukrani za tasnifu ile niliwataja wasimamizi, wafadhili, hata paka wa bwenini. Yeye sikumtaja. Niliona aibu, watu wangeuliza alinisaidia nini. Hajawahi kunisuta. Juzi nilimwomba mkutubi ruhusa, nikafungua nakala ya maktaba na kuongeza mstari kwa kalamu: bila fundi wetu, kitabu hiki kingekuwa uongo.

Asante, mama. Birika umetuachia, na kikombe chako hapewi mtu. Kaa na wajukuu kwa afya na raha tele, na chai sasa wakuchemshie wao.