Bei ya Jumla

Kinyozi alipanda basi akiwa na nia ya kusinzia, lakini mama muuza vitambaa wa kiti cha mbele alikuwa na sauti ya sokoni, na usingizi ukamruka.

"Binti yangu anataka kusoma sheria na biashara, zote kwa mpigo mmoja," mama alimwambia mzee fundi saa aliyeketi naye, ingawa hawakujuana hata kidogo. "Nikaenda chuoni kwa mhasibu. Nikamwambia, mwanangu, hizi digrii nachukua mbili, nifanyie bei ya jumla."

Kinyozi akafumbua jicho moja.

"Akasemaje?" mzee akauliza.

"Alicheka mpaka akavua miwani! Eti zikiwa mbili ndiyo ghali zaidi. Mzee wangu, umeona wapi duka la namna hiyo? Itabidi niuze kibanda changu cha pili."

"Usiuze! Achague moja."

"Ipi? Akisoma biashara tu, nani atamtetea akidhulumiwa? Akisoma sheria tu, atatetea watu bure. Namjua, ana huruma kama baba yake."

"Basi aanze na moja, akimaliza asome ya pili."

"Rejareja?" Mama alilitamka neno hilo kana kwamba ametukanwa. Kinyozi akajifanya anakohoa.

Basi likapunguza mwendo kituoni, kondakta akanyoosha mkono. Mama akafungua pochi. "Huyu mzee namlipia mimi. Tuko wawili, jumla ngapi?"

"Jumla ni nauli mbili, mama."

Mama akamgeukia fundi saa. "Umemsikia? Naye kasoma chuo kile kile!"