Wakil Masoud Duni na Neno la Siri Alilolitoa

Ndugu zangu mliokusanyika hapa msikitini Fumba kumswalia maiti wetu, mie ni Shamsi Masoud, kaka yake marehemu wa tumbo moja. Wenye karatasi someni pamoja nami, wasiokuwa nayo wasikilize. Na nakuombeni asinong'one mtu mpaka nimalize. Siku tisa hizi mmenong'ona vya kutosha.

Marehemu Wakil alizaliwa hapahapa Fumba, siku ya Jumanne, tarehe 11 Februari 1986, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa marehemu Mzee Masoud Duni na Bi Mwanakheri. Alikuwa mdogo wa umbo na mbishi kupita kiasi. Mie ndiye niliyekuwa nikimpiga. Nilimpiga kwa ngumi, nilimpiga kwa ndara, siku moja nilimpiga kwa mwiko wa Mama mpaka ukakatika, na hakunisemea hata mara moja. Mama alipouliza mwiko uko wapi, Wakil alijibu kuwa hajui.

Alisoma skuli ya msingi hapa kijijini, kisha akaenda sekondari Mjini, alikomaliza mwaka 2004. Alipokuwa darasa la sita alirudi nyumbani pua inamtoka damu na shati limechanika, kwa sababu aliingia kati ya watoto wawili wanaopigana mawe. Baba hakutaka kusikia maelezo, akamtandika bakora juu yake. Mwaka 2008 alihitimu chuo cha ufundi wa mitandao ya kompyuta, akiwa wa kwanza katika ukoo wetu kupata cheti ambacho hakuna aliyeweza kutueleza ni cha nini.

Kazi alianzia Mji Mkongwe mwaka 2009, kwa kutoboa kuta nene za mawe na kupitisha nyaya. Baadaye akakabidhiwa swichi, yaani lile sanduku lenye matundu mengi linalounganisha kompyuta na kamera za jengo zima. Wiki yake ya kwanza alitengeneza swichi ya ofisi moja kule Shangani. Akaipa jina, akaiwekea neno la siri la kuingilia, akapanga kila tundu na kazi yake, ikafanya kazi vizuri kabisa. Umeme ukakatika. Uliporudi, swichi ilikuwa haijui chochote, tupu kama ilivyotoka dukani. Bosi wake alimzaba kofi mbele ya wateja, kofi la kuziba masikio. Alilosahau ni jambo dogo. Swichi inafanya kazi kwa yale iliyo nayo kichwani wakati ule. Usipoyahifadhi kwenye faili, ikizimika yanapotea. Tangu siku hiyo alikuwa hagusi kitu kabla hajatoa nakala ya faili lake na kuiandika tarehe. Hata Mama akimaliza kumhadithia jambo, alikuwa akimuuliza, "Mama, umehifadhi?" Na kila swichi aliyoitengeneza, mtu akitaka kuingia, kwanza anasoma maneno aliyoyaandika Wakil: "Karibu. Kama hukualikwa, toka."

Tarehe 20 Disemba 2014 alimuoa Bi Khairiya Makame wa Nungwi. Mungu akawapa watoto wawili, Muzdalifa na Yussuf. Miaka yote hiyo sikusikia sauti ya ugomvi nyumbani kwake, na nyumba zetu zinagusana ukuta. Nyumbani kwangu nnajua wao walisikia.

Sasa nnafika kwenye lile mlilolijia.

Jumatano, tarehe 19 Machi mwaka huu wa 2025, mwezi kumi na nane Ramadhani, Wakil na fundi mwenziwe, Bi Yusra, walikuwa kwenye ghala moja la simu na televisheni, njia ya Fumba, wanatengeneza swichi ya kamera. Ilipoadhiniwa magharibi walinzi walikwenda nyuma kufuturu, na barabara haikuwa na mtu. Ndipo wakaingia wanaume wanne wenye mapanga na nondo, wamejivika soksi usoni. Walitaka kuzima kamera kabla ya kubeba mali.

Walimtaka Wakil awape neno la siri. Akakataa. Wakamuwekea mkono wa kulia juu ya meza, wakauponda kwa nondo. Akakataa. Wakaponda wa kushoto. Akakataa. Wakamgeukia Yusra, wakampiga nondo ya taya mpaka meno yakamwagika sakafuni, wakamuwekea panga shingoni. Hapo Wakil akalitoa.

Nasema tena ili wa nyuma wasikie: alilitoa.

Mmoja wao, anayejua kidogo, akaingia kwenye swichi kwa jina la Wakil na kufuta lile faili lililohifadhiwa. Kioo cha kompyuta kikaandika kuwa limefutwa, wakafurahi. Makosa yao yalikuwa hapo. Faili limefutwa, lakini swichi haijazimwa, kwa hiyo iliendelea kufanya kazi kwa yaliyomo kichwani, na kamera zikaendelea kupeleka picha. Wakil alilijua hilo akanyamaza kimya, mikono yake inachuruzika damu. Wale wakavua soksi zao kwa joto na kuanza kupakia. Kabla hajatoka kwenda kusaidia, mmoja alimpiga Wakil nondo ya kichwa, asije akasema.

Yusra anaeleza kuwa Wakil alikuwa chini, fuvu limepasuka, akamwambia, "Yusra, hifadhi, umeme haukawii kukatika." Akamtajia la kuandika, neno kwa neno, na Yusra akaandika huku damu ya taya inamwagikia vidoleni. Haukupita muda umeme ukakatika kweli, dakika mbili, ukarudi. Swichi ikainuka na faili lake, kamera nazo zikarudi. Picha za mwisho zimeshika namba ya gari lao.

Lakini hayo sisi hatukuyajua. Polisi walichukua mashine inayoweka picha za kamera, ikakaa bila kufunguliwa. Yusra alipelekwa Dar es Salaam, kinywa kimefungwa nyaya. Kilichoonekana ni kumbukumbu ya swichi tu, ile inayotumwa ofisini kwao: saa kumi na mbili na dakika arubaini na nne, kaingia Wakil. Mwenye ghala akasema Wakil kauza neno la siri, na Fumba nzima ikasema hivyohivyo. Abdulwahid alilisema barazani mbele yangu, nikamvunja jino. Abdulwahid, nnakuona umekaa pale. Nisamehe.

Ijumaa, tarehe 21, nikaenda hospitali. Nilimkuta ana fahamu zake, kichwa kimefungwa, mikono imevimba. Sikumwambia hata pole. Nikamuuliza, "Umelitoa neno la siri au hukulitoa?"

"Nimelitoa. Kaka, nisikilize…"

Sikumsikiliza. Nshavunja jino la mtu kwa ajili yake, na kumbe ni kweli! Nikamwambia, "Bora wangelikuua palepale." Wallahi, ndivyo nilivyosema. Nikatoka, nikaupiga mlango teke. Mama alikuwa ukumbini kasikia, akanizaba kofi mbele ya wauguzi, mie mtu mzima wa miaka arubaini na tatu. Sikurudi tena.

Jumapili akapoteza fahamu. Jana Alkhamis polisi waliniita wakanionesha picha, na Yusra, karudi Dar kinywa bado kimefungwa, akaleta karatasi tatu alizoyaandika yote kwa mkono wake. Wale wanne wamekamatwa. Nilikimbia hospitali bila viatu. Nilimshika mguu, kwani mikono haikushikika, nikamueleza yote niliyoyaona. Hakufumbua macho. Amefariki leo Ijumaa, tarehe 28 Machi 2025, saa kumi na moja na robo alfajiri, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa.

Ameacha mama, Bi Mwanakheri, mke, Bi Khairiya, watoto, Muzdalifa na Yussuf, dada, Bi Shahida, na mie.

Desturi yetu, mwenye maiti akisimama hapa hukuombeni nyinyi mumsamehe marehemu kama aliwakosea. Nami nakuombeni, ingawa sijui alimkosea nani. Mie ndiye niliyemkosea, na nilikuwa na siku mbili za kurudi kumuuliza kwa nini alilitoa.

Wakil, mdogo wangu, Mwenyezi Mungu akupumzishe kwa amani, ile niliyokunyima mie.