Jeannine Nabintu, Aliyechora Wanawake Wasiotulia

Marehemu Jeannine Nabintu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Kadutu, mjini Bukavu, akiwa mtoto wa tatu wa mwalimu Gustave Cirhuza na Mama Espérance. Mama yake alisimulia kwamba mtoto huyu alianza kutembea kabla hajajua kuketi vizuri, na kwamba tangu hapo hakuona sababu ya kurudi nyuma kujifunza alichokiruka.

Alisoma kwa masista, Bukavu. Mtawa mmoja, aliyechoka kumwona akiondoka kwenye dawati lake kila mara, alimfungulia kitabu cha zamani chenye picha ya mwanamke wa Kiingereza wa karne ya kumi na nane: kofia pana yenye manyoya, gauni la hariri, mikono imelala mapajani.

“Muangalie huyu mama,” alimwambia. “Ameketi hivi miaka mia mbili. Wewe saa moja inakushinda? Mchore mpaka ujifunze kutulia.”

Jeannine alichora. Kofia ilikuwapo, gauni lilikuwapo, na kiti pia. Ila kiti kilikuwa kitupu, na mwanamke alikuwa amefika mlangoni.

“Anaenda wapi?” mtawa aliuliza.

“Sijui, ma sœur. Lakini alikuwa amechoka.”

Aliadhibiwa. Hata hivyo mtawa yuyo huyo ndiye aliyemshauri baba yake ampeleke chuo cha sanaa, na mwaka 1991 Jeannine alikwenda Kinshasa, akahitimu 1995 na kurudi Bukavu. Mwaka uliofuata vita viliingia Bukavu. Alipita Uvira, kisha Lusaka, akafika Johannesburg mwezi Februari 1998 akiwa na begi moja na viatu vya mtu mwingine.

Kazi yake ya kwanza hapa ilikuwa kusuka nywele mtaani Hillbrow. Alikuwa na mkono mzuri, lakini wateja walilalamika kwamba anawageuza vichwa kuelekea dirishani ili aone sura zao kwenye mwanga. Baadaye alirudi kusoma, na kuanzia mwaka 2006 alifundisha uchoraji katika shule ya sekondari, Kensington ya hapa Johannesburg. Wanafunzi wake waliofika hapa leo wanajua somo alilolipenda kuliko yote. Aliwawekea ukutani picha kubwa za rangi za mafuta za mabibi wa Uingereza, ambazo nyingi zililipiwa na waume au baba zao, akawaambia: “Angalieni mikono. Huyu ameshika ua. Huyu upepeo. Huyu glavu ambayo hata haivai. Nani kati yao ana kazi?” Halafu aliwaonyesha michoro ya chaki na penseli ya nyakati zile zile, ile ambayo mchoraji aliifanya kwa haraka bila kulipwa na mtu: mke aliyevua viatu, mtumishi anayepiga miayo, wanawake wawili wanaokatiza uwanja na upepo unawavuta nguo. “Hapa,” alisema, “ndipo walipokuwa wakiishi.”

Aliolewa na Bwana Lambert Kasongo, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, tarehe 21 Julai 2001. Walijaliwa watoto wawili, Gaël mwaka 2003 na Noëlla mwaka 2006. Walihama nyumba mara nyingi, na kila mara ni yeye aliyetaka kuhama. Lambert alikuwa akifungua cherehani na kuifunga tena bila kuuliza.

Sehemu inayofuata wengine katika familia hawakutaka isomwe. Lambert mwenyewe amesema isomwe.

Mwaka 2012 Jeannine alipata nafasi ya kwenda London kwa miezi mitatu, kuitazama michoro ile kwa macho yake katika jumba la makumbusho. Miezi mitatu ilipokwisha hakurudi. Aliomba muda uongezwe, akaongezewa, akaomba tena. Kila siku alikuwa akiletewa kasha la karatasi za zamani, na katika kila kasha alimkuta mwanamke mwingine aliyeandikwa chini yake “bibi mmoja” au “mwanamke asiyejulikana”, naye alishindwa kufunga kasha na kumwacha humo.

Lambert alipiga simu. “Mama Gaël, unarudi lini?”

“Bado kidogo.”

“Kidogo yako tunaijua.”

Mdogo wake Benita, anayesoma wasifu huu, alimpigia pia na kumtolea maneno makali. Jeannine alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Yote ni kweli. Lakini nikiondoka leo sitarudi tena hapa, na nyinyi mtabaki na mtu aliyeketi kama picha.”

Kisha Lambert akaacha kupiga. Badala yake alituma picha moja kwenye simu, bila neno lolote. Noëlla alikuwa ameketi kwenye stuli ya cherehani, na kichwa chake kilikuwa kimesukwa na baba yake. Mistari ilikwenda huku na huko, mmoja ulikomea katikati. Jeannine aliwahi kusema kwamba alicheka kwanza, akiwa amesimama kituo cha basi, halafu akaacha basi lake lipite. Wiki ile ile alirudi.

Hakupokelewa kwa vigelegele. Lambert alimwambia, “Mimi sina neno. Waulize watoto.” Kwa muda Lambert alilala kwenye chumba chake cha ushonaji. Gaël alimsalimu kama anavyosalimiwa mgeni. Noëlla alikataa nywele zake ziguswe na mtu mwingine isipokuwa baba yake, na alitoka kwenda kanisani na mistari ile ile iliyopinda, huku mama yake, msusi wa Hillbrow, akitembea nyuma yake.

Siku moja Noëlla, aliyekuwa akizungumza Kiingereza tu, alimwambia mama yake kwamba atamchora, na kwamba akiondoka kwenye kiti mchezo umekwisha. Jeannine aliketi. Aliketi kila Jumapili baada ya ibada, mwanamke ambaye hata chakula alikula akiwa amesimama. Goti lake lilichezacheza, lakini hakuinuka. Iliendelea mpaka karibu Krismasi, ndipo Noëlla alipoleta kitana mwenyewe na kuketi sakafuni kati ya magoti ya mama yake. Lambert, aliyekuwa mlangoni, alirudi kwenye chumba cha ushonaji na kuzima cherehani.

Kutokana na safari ile alichora kazi yake kubwa, wanawake wa Hillbrow, iliyoonyeshwa hapa mjini, Marshalltown, mwaka 2019. Chini ya kila mchoro aliandika jina kamili la mwanamke aliyechorwa. Mama mmoja muuza nyanya, alipoombwa akae achorwe, alimwambia, “Eish, mimi siwezi kukukalia, nina wateja.” Alimjibu, “Usikae, mama. Uza.” Mchoro huo unaonekana kwenye jalada la programu hii.

Mwaka 2023 figo zake zilianza kushindwa. Mara tatu kwa wiki alifungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na hakuficha kwamba alikichukia kile kiti. Aligombana na wauguzi, aliwaomba radhi, akawachora. Alipolazwa mwezi Aprili mwaka huu aliomba kitanda cha dirishani, na alipokipata akaomba kingine.

Yeye na Gaël hawakuwahi kupatana kabisa. Gaël ameomba hilo lisemwe pia. Lakini alasiri ya tarehe 8 Mei mama yake alimwomba amkalie ili amchore, jambo ambalo Gaël alilikataa tangu utotoni, naye akavuta kiti. Mkono wa Jeannine ulikuwa dhaifu. Alipata sikio, shingo na bega moja.

“Unachezacheza,” alimlalamikia.

“Nimerithi kwako,” alisema Gaël.

Jeannine aliweka penseli chini, akamtazama kwa muda mrefu bila kuchora. Alifariki asubuhi iliyofuata, tarehe 9 Mei 2025, Lambert na watoto wote wawili wakiwa kando yake.

Marehemu ameacha mume, Bwana Lambert Kasongo. Watoto, Gaël na Noëlla. Mama mzazi, Mama Espérance, aliyeko Bukavu. Kaka, Emery na Hénock. Mdogo wake, Benita. Wanafunzi wengi, na wanawake wa Hillbrow, ambao wengi wao wamefunga meza zao leo ili wawe hapa.

Dada yetu apumzike kwa amani. Hana tena pa kuwahi.